Bi Zuweina Kwenye Ngazi za Takhte Jamshid

Vijana wangu wa chumba cha waongozaji, siku mliponiaga kwa halua na kahawa mlinitaka niseme maneno mawili, na mimi nikasema mawili hasa, "Ahsanteni sana," nikakaa. Mmoja wenu akanung'unika kwamba mtu aliyekula mkate wake kwa kusema hana haki ya kustaafu kwa maneno mawili. Haya basi, yaliyobaki ni haya. Sitaandika nilipanda cheo lini, maana nilipanda kwa sababu waliokuwa mbele yangu walizeeka kabla yangu. Nitaandika namna nilivyoijua kazi hii wakati ambapo hapa Maskati haikuwako bado, wala hapakuwa na mtalii wa kuongozwa. Nilifundishwa na wanawake wawili. Mmoja alikuwa Mshirazi wa Uajemi aliyejua kila jiwe la nchi yake. Wa pili alikuwa bibi mtu mzima wa Unguja, mkaazi wa Matrah, ambaye hakuwa akiliona hata moja.

Nilifika Maskati mwaka wa sitini na nne, baada ya yaliyotokea Unguja, nikiwa na sanduku moja na cheti cha kusomesha jiografia ambacho hakuna mtu aliyekiulizia. Skuli zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Lakini nilijua Kiingereza, Kiarabu cha kusoma, na Kiswahili, na wakala mmoja wa meli aliyekuwa na ofisi ndani ya ukuta wa mji, karibu na forodha, alihitaji karani wa abiria. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Pinto, Mgoa mwembamba aliyevaa suti nyeupe hata siku za joto la kuyeyusha nta. Yeye aliwahi kufanya kazi Unguja miaka mingi, kwa hiyo alinigombeza kwa Kiswahili fasaha, na hilo peke yake lilinipa faraja.

Siku ya kwanza alinipa kisanduku cha bati cha kuwekea pasi za wasafiri, filimbi, na orodha ya watu ishirini na wawili. Wakati huo meli haikufunga gati. Ilitia nanga nje na abiria walipelekwa kwa mashua. Nikawapakia, nikahesabu, nikarudi ofisini nimejaa sifa.

"Wote ishirini na wawili?" akaniuliza.

"Wote, bwana."

"Umehesabu vichwa au vilemba?"

Sikuelewa, mpaka alipoinyoosha kalamu yake dirishani. Abiria mmoja alikuwa bado amekaa mkahawani anakunywa kahawa yake bila haraka. Kumbe nilichokihesabu mashuani kilikuwa godoro lake lililokunjwa, ambalo alikuwa amelivisha kilemba ili lisipotee. Nililipigia filimbi lile godoro mpaka leo masikio yangu yanawasha. Tangu siku ile nahesabu watu kwa kuwaangalia usoni, mmoja mmoja, na nawaombeni na nyinyi mfanye hivyo.

Miaka ikenda. Mafuta yakaanza kusafirishwa, na wageni wa kampuni ya mafuta wakawa wengi: wahandisi, wake zao, makarani wa Kihindi. Likizo zao zilikuwa ndefu na mji wetu ulikuwa mdogo. Hapo Bwana Pinto akapata wazo. Meli ya barua ilikuwa ikipita Bushehr, bandari ya Uajemi, kila safari. Kwa nini tusikusanye kundi, tukateremka Bushehr, tukapanda basi mpaka Shirazi na Isfahani, tukatazama majumba ya kale ya Waajemi, kisha tukarudi? Akaipiga taipu yeye mwenyewe: Ziara ya Mambo ya Kale ya Uajemi, pamoja na mkalimani. Mkalimani nilikuwa mimi, ingawa Kiajemi changu kilikuwa cha kununulia zabibu.

Chini ya tangazo aliweka masharti. Kila msafiri awe mzima wa afya, aweze kupanda ngazi, asihitaji kuongozwa na mtu. Atakayeshindwa atarudishwa kwa meli ya kwanza, na karani wa safari ataandika ripoti. Lile sharti la mwisho alinisomea mara mbili.

Waliojiandikisha walikuwa tisa. Wa tisa aliletwa na mwanawe, Nassor, fundi wa kampuni ya mafuta. Alikuwa awe naye safarini lakini kazi ilimzuia, akaja kumkabidhi kwetu. Mama mwenyewe aliitwa Bi Zuweina. Alikuwa na umri wa kama miaka sitini na kitu, mwembamba, amejifunga buibui lake la Kiunguja, na ananukia udi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe mtoto wa nani?"

Nikamwambia. Akafikiri. "Nyanya yako alikuwa akiuza ubani Malindi. Mtu mwenye maneno mengi. Na wewe umemfata?"

"Wanasema hivyo. Unakwenda kutazama nini Shirazi, Bi Zuweina?"

"Baba yangu mtu wa Qurayyat, huko nshafika, nshawaona jamaa zake wote na madeni yao ya maneno. Mama yangu mtu wa Makunduchi. Tangu nizaliwe naambiwa watu wa kwa mama wametoka Shirazi. Kuna wanaosema kweli, kuna wanaosema hadithi tu. Mimi nnataka nifike mwenyewe nijue kama nitapajua."

Bwana Pinto akamsomea masharti. "Bibi, unaweza kupanda ngazi?"

"Nyumba yangu Matrah ina ghorofa mbili. Nani anapanda badala yangu?"

"Unahitaji kuongozwa?"

"Nimeongoza watoto saba, bwana. Leo niongozwe mimi?"

Bwana Pinto akacheka, jambo lililokuwa likitokea kwa nadra kama mvua yetu. Baadaye nilikuja kuyarudia majibu yale kichwani, na hakuna hata moja lililokuwa uwongo.

Ruhusa za kutoka na kurudi zilikuwa lazima zitoke Salala, alikokaa Sultani, na zilichukua karibu miezi miwili. Mimi kwa sababu nilitoka Unguja niliulizwa maswali zaidi ya wenzangu, na nilijua kwamba kosa lolote njiani lingeweza kunifungia mlango wa kurudi. Tulisafiri mwanzoni mwa mwaka wa sitini na tisa wa kizungu, wakati baridi inavunjika.

Kwenye ngazi ya meli Bi Zuweina alinishika mkono. "Goti," akasema. Ndani ya meli alikaa kila asubuhi karibu na ukingo na kuniita. "Seif, unaona nini?"

"Milima, Bi."

"Milima gani? Milima yote imekuwa mmoja?"

"Milima mikavu."

"Mikavu vipi? Una cheti cha kusomesha, huna maneno?"

Nikaangalia tena. "Ya rangi ya mkate wa kumimina uliokauka. Juu imechongoka, chini inamomonyoka na kuingia baharini."

"Aa. Hapo umesema."

Siku nne nilikuwa nikifanya hivyo. Nilidhani ni upweke wa mtu mzima, na kwa kweli nilianza kuufurahia mchezo. Tulipoteremka Bushehr na basi kuanza kupanda magenge ya kwenda Shirazi, nilikuwa sisubiri kuulizwa. Nilimweleza mashimo ya bonde, kondoo waliotapakaa kama mchele uliomwagika, na kilemba cha mawingu juu ya kilele. Wasafiri wa nyuma wakaanza kuniomba niseme kwa Kiingereza vilevile.

Mmoja tu hakuniomba. Huyo alikuwa Bwana Collins, mhandisi wa mabomba, mtu mrefu aliyeweka ratiba yetu katika mfuko wa shati na kuitazama kama wengine wanavyotazama saa. Alikuwa mwungwana. Mkewe alikuwa mchoraji, na kila basi liliposimama alitoa daftari, naye mumewe alimwambia taratibu zimebaki dakika ngapi.

Shirazi tulipokewa na mwongozaji wetu, Bibi Mahin. Alikuwa amesomesha tarikhi skuli za wasichana kabla ya kazi hiyo; mwanamke wa makamo, viatu bapa, sauti ya chini, Kiingereza fasaha. Mkobani alikuwa na kioo kidogo cha mviringo, cha kujitazamia. Nilidhani ni cha mapambo. Kesho yake nilimwona anakisimamisha juani mlangoni mwa jengo lenye kiza, akaupeleka mwanga wa jua mpaka kwenye dari, na michoro ambayo hakuna aliyeijua ipo ikatokea, maua ya buluu na dhahabu, kama mtu amewasha taa. Tukapiga ukelele sote. Mimi mpaka leo sijaona chombo cha kazi hii kilicho bora kuliko kile, na nyote mmeona cha mfano wake mkobani mwangu.

Sheria yake ilikuwa moja. "Mimi sisemi mpaka mmeona," alituambia. "Kila mahali dakika tano za kimya. Kisha ndio nitajibu."

Bwana Collins akatoa ratiba, akazijumlisha dakika tano za kila mahali.

Ilikuwa siku za Nairuzi, mwaka mpya wao. Hotelini waliweka meza yenye vitu saba. Bi Zuweina aliinama juu yake, akavuta pumzi. "Siki," akasema. "Thomu. Tufaha. Na majani ya ngano mabichi." Akanigeukia. "Na sisi kwetu Makunduchi tuna Mwaka. Tunakoga, tunachoma kibanda, tunapigana kwa migomba. Hawa wanakula?"

Nikamfasiria Bibi Mahin. Akauliza siku hiyo sisi tunaiitaje.

"Wazee wanaiita Nairuzi," Bi Zuweina akamjibu mwenyewe.

Bibi Mahin akavuta kiti. Kuanzia hapo hawakunihitaji sana. Huyu alisema neno na yule akalirudisha: dirisha, bandari, pamba, rangi, stadi, birinzi. Bi Zuweina alikuwa akiyapokea maneno yale kama mtu aliyevikuta vyombo vyake kabatini kwa jirani, amefurahi na ana shaka kidogo nani alimuazima nani.

Asubuhi ya pili tukapelekwa kwenye msikiti wenye vioo vya rangi. Jua la mapema lilikuwa linapenya madirishani, na mazulia na nguzo na nyuso zetu zikawa nyekundu, kijani, urujuani. Nimeingia majengo mengi tangu siku ile, lakini sijapata tena kusimama mahali nikaogopa kukanyaga mwanga. Hata Bwana Collins aliisahau ratiba yake. Mwisho wa kimya Bibi Mahin alinivuta kando.

"Agha Seif," akaniambia, maana kwao agha ndiye bwana, "yule bibi haoni."

"Anaona. Ana goti tu."

"Nimemwonyesha kioo cha buluu nikamwambia kwa Kiarabu changu kidogo ni chekundu. Amesema mashaallah, chekundu kizuri."

Nikaenda kumtafuta. Siku zote zile, milima na kondoo na mawingu, na mimi najisifu. Nilimkuta amekaa uani chini ya mnaranji, amegeuza uso kwenye jua.

"Bi Zuweina, tangu lini?"

Hakujifanya hakufahamu. "Nnaona mwanga. Watu nnawaona kama vivuli vya nyuma ya pazia. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwaka wa tatu huu."

"Nassor anajua?"

"Anajua naona vibaya. Hajui kiasi gani. Angejua angeniachia nije?"

"Na hospitali? Pale Matrah wanapasua."

"Wanapasua. Jirani yangu wamempasua anatia uzi kwenye sindano. Mwengine wamempasua akazimika kabisa, hata mwanga hana. Mimi nikirudi nitakwenda. Nimeweka nadhiri. Lakini nikasema, kama kisu kitanizima, basi kinikute nishafika Shirazi. Nimekosa, mwanangu?"

Jibu alikuwa nalo Bwana Collins. Alimwona akijikwaa kwenye kizingiti, akaja kwangu mbele ya mkewe, akasema kwa adabu, "Sina ubaya naye. Lakini kesho ni Takhte Jamshid, yale magofu ya wafalme wa kale, na kuna ngazi zaidi ya mia. Akianguka, ziara imekwisha kwa watu tisa. Masharti yako wazi. Ni wajibu wangu kuiandikia ofisi yako." Na aliandika, alasiri ileile, akaitia barua posta. Najua kwa sababu aliniuliza stempu zinauzwa wapi, na mimi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, nikamwonyesha.

Meli ya kurudi ilikuwa ipite Bushehr baada ya siku tatu. Nikakaa na karatasi ya ripoti mbele yangu na kalamu. Nilijiona tayari nimesimama nje ya ukuta wa Maskati na sanduku langu moja. Bibi Mahin akaja kuniaga.

"Umeamua nini?"

"Ofisi inataka arudi."

"Na yeye anataka kuona nini?"

"Bibi Mahin, haoni."

"Sikukuuliza anaweza kuona nini."

Akaenda zake. Niliichukua ile karatasi nikaandika kwa Kiingereza kwamba mimi, Seif, karani wa safari, nimejua hali ya msafiri huyu na nimemchukua juu ya dhamana yangu. Nikatia sahihi, nikaiweka ndani ya kisanduku cha pasi. Sikuwa shujaa. Usiku ule nilikifungua tena kisanduku mara mbili kuisoma upya.

Asubuhi tukafika Takhte Jamshid. Nguzo zilisimama juu ya uwanja wa mawe kama msitu uliokatwa matawi, na nyuma yake mlima. Ngazi zilikuwa pana, watu kumi wangepanda sambamba, lakini kila kidato kilikuwa kifupi, kama kiganja. Bi Zuweina akakipima kwa kiatu.

"Hizi zimejengewa watu waliovaa nguo ndefu," akasema. "Mjenzi alikuwa na adabu." Akapanda bila kunishika, ncha za vidole vyake tu mgongoni kwangu, anahesabu kwa sauti. Alipofika mia na kumi na moja akasema alhamdulillahi, na mhandisi, aliyekuwa nyuma yetu hatua mbili ili amdake, akafuta jasho jingi kuliko la bibi.

Bibi Mahin hakutupeleka kwenye malango makubwa. Alitupeleka kwenye ukuta wa ngazi nyingine, ambako jiwe jeusi limechongwa safu kwa safu za watu: wajumbe wa mataifa yote wanaokuja na hidaya kwa mfalme wa kale. Akatoa kioo, akatupa mwanga wa ubavuni, na ndevu na mikunjo ya nguo ikainuka. Dakika tano hakuna aliyekohoa. Kisha akaja akauchukua mkono wa Bi Zuweina akauweka ukutani.

"Mwambie aende polepole, kutoka kushoto," akaniambia.

Vidole vikaanza safari. "Hii ndevu. Imesukwa. Masikini, kazi yote hii ya ndevu." Akashuka. "Hii kanzu ina marinda. Huyu amebeba bakuli. Huyu ana ngamia, ngamia huyu, nnaijua midomo hii!" Wasafiri wakasogea. Akafika mahali akasimama. Akarudi nyuma kidogo, akaenda mbele tena. "Seif. Hawa wawili wameshikana mikono?"

Nikatazama. Nilikuwa nimepita pale dakika tano nzima na sikuliona. Mbele ya kila kundi la wajumbe amechongwa mpambe wa mfalme, na mpambe yule amemshika mkono mgeni wa kwanza, anamwongoza ndani.

"Wameshikana, Bi."

"Kila kundi?"

"Kila kundi."

"Basi," akasema, "kumbe kuongozwa si aibu. Mpaka wafalme waliweka watu wa kazi hiyo."

Nikamfasiria Bibi Mahin. Bibi Collins alifunga daftari lake la michoro, akavua glovu, akaweka mkono ukutani nyuma ya mkono wa Bi Zuweina. Wengine wakafuata.

Bibi Mahin alimpeleka mpaka mwisho kabisa, kwenye pembe ya chini ambako ukuta unakutana na vidato na nafasi ni finyu. Bi Zuweina alipiga magoti. "Huyu nywele zake ni za kipilipili," akasema pole pole. Vidole vikapita puani, midomoni. "Na huyu wa nyuma amechukua... hii ni pembe. Pembe ya ndovu! Na huyu ana mnyama mwenye shingo ndefu." Akavirudisha vidole usoni kwa yule wa kwanza. "Seif, hawa watu wa wapi?"

"Bibi Mahin anasema ni Wahabeshi, Bi, au watu wa upande ule. Watu wa Afrika."

"Wamekuja zamani kiasi gani?"

"Kabla ya Mtume. Zaidi ya miaka elfu kabla yake."

Alibaki ameshika uso wa yule mtu wa jiwe kwa viganja viwili, kama unavyomshika mtoto aliyerudi safari. "Mimi nimekuja kutafuta Washirazi waliokwenda kwetu," akasema. "Sikuambiwa kama na watu wa kwetu walikuja huku."

Alipotaka kuinuka akajishikiza kwenye ukuta, na ukucha wake ukasimama mahali. "Hapa jiwe limeungwa."

Bwana Collins akainama. "Hapana, hili ni jiwe moja. Nimeliangalia."

"Mwambie si moja. Ukucha unaingia. Au hauingii, lakini unajua."

Mhandisi akavua kofia, akapitisha kidole. Akatoa kisu cha mfukoni akajaribu kuingiza ncha, haikuingia. Akalaza shavu kwenye jiwe ili atazame kwa ubavu. Alikaa hivyo muda mrefu, mtu mzima mwenye suti amelalia ukuta. "Bila chokaa," akasema hatimaye, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Hakuna chokaa kabisa. Muulize kama kuna mwengine."

Kulikuwa na mwengine, na mwengine. Waliuandama ukuta ule wote, bibi wa Makunduchi na mhandisi wa mabomba, bibi anatafuta kwa ukucha na mwenzake anaandika vipimo. Tulichelewa chakula cha mchana kwa saa mbili. Aliyechelewesha ndiye mwenye ratiba.

Isfahani tulikaa siku tano. Uwanja wake mkubwa na makuba yake ya buluu mmeyaona kwenye picha, na picha zinasema kweli, ingawa zinasema nusu. Mimi nalikumbuka zaidi lile daraja la matao, ambapo wanaume walikuwa wakikaa chini yake kuimba kwa sababu jiwe linawarudishia sauti. Bi Zuweina alitusimamisha pale, akatwambia tufumbe macho sote, na kundi zima likatii, hata dereva wa basi.

Tuliporudi Maskati barua ya Bwana Collins ilikuwa imetutangulia kwa wiki nzima. Bwana Pinto aliiweka mezani, na pembeni yake akaiweka ile karatasi yangu.

"Ulijua?"

"Nilijua Shirazi, bwana."

"Na ukavunja sharti."

"Nilivunja."

"Angeanguka je?"

"Ningekuwa nimemwangusha mimi."

Akaivua miwani akaifuta. "Jibu lako ni la kweli, na kosa lako ni la kweli vilevile," akasema. Akanitoa kwenye abiria akanitia kwenye mizigo. Miezi minne nilihesabu magunia ya tende na mbao, na sikuona kwamba nimeonewa. Nawaambieni nyinyi, huruma haifuti kanuni. Ukiamua kuivunja, iandike kwa jina lako na ulipe.

Bwana Collins alikuja ofisini mwenyewe. Hakuifuta barua yake. Alisema kila neno lilikuwa sahihi siku alipoliandika. Alitaka kujua ziara ya pili itakuwa lini, na akasema hatojiandikisha mpaka karani awe yuleyule. Bwana Pinto alinirudishia kisanduku cha bati bila kusema kitu. Juu yake palikuwa na karatasi ya masharti mapya. Lile la kuongozwa lilikuwa limeondolewa.

Bi Zuweina alitimiza nadhiri. Walimpasua jicho moja Matrah, akalazwa chali siku nyingi kichwa hakitikisiki, huku Nassor anamsomea Qurani na mimi nachukua zamu ya kumweleza nani amepita ukumbini na amevaa nini. Lilipofunguliwa lilikuwa linaona. Akavaa miwani minene kama vitako vya chupa, na watoto wa mtaa wakagundua kwamba sasa anawaona wanapoiba bisi.

Mwaka wa sabini, siku ambazo nchi ilikuwa inafunguka na kila meli inatuletea jamaa wengine wa Unguja, nilipata bahasha kutoka Shirazi. Bibi Mahin alikuwa ametuma picha kubwa, safi, ya ile pembe ya chini ya ukuta. Nilikwenda nayo Matrah mbio mbio, sikungoja hata chai.

Akaisogeza karibu, akaipeleka mbali. Akavua miwani akaivaa tena.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye, Bi. Na pembe yake ile."

"Mbona mdogo hivi?"

"Ni picha tu, Bi. Lakini hata kwenye jiwe hakuwa mkubwa. Kimo cha mtoto mdogo."

"La," akasema. "Yule niliyemshika alikuwa mtu mzima." Akaitazama tena kwa heshima, kama unavyotazama zawadi ya mgeni asiyejua unachopenda. Kisha akanirudishia.

"Wewe una kazi ya watu, chukua uwaonyeshe. Mimi nnaye wangu."